Mwamba wa Chumbe na mshahara wa mlinzi

Kila nikiona picha ya kiongozi na meneja wa kampuni wameushika mche mmoja, swali langu ni moja: kesho nani anaumwagilia?

Nikitafuta jibu siendi mbali. Chumbe ni kisiwa kidogo, hekta ishirini na ushei, kusini mwa Mji Mkongwe. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliutangaza mwamba wa magharibi yake kuwa hifadhi, marufuku kuvua, na utunzaji ikaukabidhi kwa kampuni binafsi aliyoianzisha Sibylle Riedmiller, Mjerumani. Kampuni ikajenga mabanda saba tu ya wageni, yanayokinga maji ya mvua na kutumia umeme wa jua. Pesa za wageni hao ndizo zinazoendesha ulinzi na kuwaleta watoto wa skuli wakayaone matumbawe kwa macho yao.

Kinachonigusa zaidi ni walinzi. Wengi walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani, na hawabebi bunduki. Ngalawa ikiusogelea mwamba, mlinzi huifuata, salamu kwanza, kisha maelezo: hapa samaki wanazaana, wakijaa watatoka wenyewe wakufuate huko unakovua. Maneno hayo yakitoka kwa mtu aliyewahi kutega dema, mvuvi mwenzake anayasikiliza. Na ukichovya kichwa majini unawasikia pono wakiguguna mwamba, kra, kra, na changu wamejaa hata hawakukimbii.

Sitaki kila ufuo upewe kampuni. Chumbe hakikuwa na kijiji. Palikuwa na mnara wa taa wa mwaka 1904 na mtunza taa wake. Kwingine pana watu. Nimeshuhudia ufuo ukikodishwa, na kina mama wa mwani wakaambiwa watafute njia nyingine ya kushukia pwani. Hilo haliwi hifadhi kwangu, hata mwekezaji apande mikoko elfu.

Tena pana jambo la wageni wenyewe. Mwaka 2020 ndege ziliposimama, wageni walikatika, lakini mwamba bado ulitaka kulindwa. Basi mikataba mipya ya kuzikabidhi kampuni hifadhi za Unguja na Pemba iandike wazi: mwezi usio na mgeni, mshahara wa mlinzi unatoka mfuko gani? Iandikwe kwa Kiswahili, ibandikwe kwa sheha, na mvuvi aisome kabla haijatiwa saini.