Usukani wa Watu Wawili

Mnaoniuliza nanyanyulia vyuma wapi, leo mnisikilize. Sijawahi kukanyaga jimu. Nina pikapu. Toyota Hilux ya zamani, ya enzi zile dereva akitaka kona anaikata kwa nguvu za ugali wake mwenyewe, habari za pawa stelingi, ule mtambo wa kulainisha usukani, alikuwa anazisikia kwa wenzake. Haya mabega mnayoyasifia nimeyapata hapa Mwanza, kati ya Igoma na Nyegezi, na mafuta nanunua mimi.

Kazi yangu ni mizigo. Leo magunia ya dagaa kutoka Mwaloni Kirumba, kesho mchanga, keshokutwa kabati na kitanda cha bibi harusi anayehamia Buhongwa. Dereva mwenzangu akichagua njia anaangalia foleni, mashimo na trafiki. Mimi naangalia kona. Mteja akinipigia simu, kabla hata hatujafika kwenye bei namuuliza: "Huko kwako pa kugeuzia papo?" Akisema papo kidogo, bei inapanda. Akisema "hapana, ila utatoka rivasi tu," simu inakatika hapohapo, na baadaye namwambia mtandao ulisumbua.

Tuwe wakweli, usukani usio na pawa kuwa mzito si ugonjwa. Gari likisimama tairi zimeng'ang'ania lami, likianza kujiviringisha kidogo tu mkono unapata nafuu. Kwa hiyo sheria yetu sisi wa magari ya zamani ni moja: usikate kona gari likiwa limesimama. Sheria nzuri sana. Sasa kaitekeleze mjini saa kumi na moja jioni, mbele daladala, nyuma bajaji, ubavuni mama wa mahindi ya kuchoma anakuambia "songa baba, songa!" Nisonge vipi, mama? Kusonga kwangu kunahitaji maandalizi.

Lakini wangu mimi una uzito na bado una ulegevu. Hiyo mkae nayo. Unazungusha upana wa viganja viwili, gari halina habari, linaendelea na mambo yake. Unaongeza kidogo, bado. Unaongeza tena, linashika ghafla, na wewe ulishazungusha ya ziada, sasa unaelekea kwenye meza ya muuza vocha. Ukifaulu kukata, usidhani umemaliza. Magari ya watu, kona ikiisha unalegeza mkono na usukani unarudi katikati wenyewe. Wangu ukiuacha umekata unabaki umekata. Lazima niufuate kulekule nikaurudishe.

Ndiyo maana kile kipilefti cha samaki pale mjini nakichukia. Kuingia naingia vizuri tu. Shida ni kutoka. Juzi nimezunguka, njia yangu ikanipita naiona, nikazunguka tena, ikanipita tena. Trafiki akanyoosha mkono.

"Mzee, umepotea?"

"Hapana afande, natafuta pa kutokea."

"Pa kutokea si pale."

"Pale mimi napaona. Gari ndiyo halijapaona."

Akaomba leseni, ipo. Bima, ipo. Kizimamoto, pembetatu, vyote vipo, maana kwa makaratasi na vikorokoro mimi hunipati. Akaingiza mkono dirishani ajaribu usukani mwenyewe. Akavuta. Akaweka mkono wa pili akavuta tena, kofia ikamdondoka. Akaiokota, akaipangusa vumbi polepole, akaniambia, "Nikilikuta tena hivi, hili linalala kituoni." Nikamwambia afande, hata leo ningelipeleka kwa hiari, ila hadi kituoni kuna kona mbili.

Tena kuna suala la usukani wenyewe. Kijana aliyeniuzia pikapu alikuwa mtu wa mbwembwe. Usukani wa kiwandani, ule mpana, aliung'oa akaweka wa mashindano, mdogo kama sahani ya chapati, umevikwa ngozi nyekundu. Halafu akavalisha tairi pana ili gari lionekane "limekaa". Ewe kijana popote ulipo. Usukani ule wa kwanza haukufanywa mpana kwa urembo, upana ndio unaokupa nguvu ya kuzungusha. Na tairi pana maana yake ni mpira mwingi zaidi chini unaogoma. Umepunguza nguvu ya mkono, ukaongeza kazi ya mkono, ukaniambia gari halina shida yoyote.

Nikibeba mzigo mzito nyuma, ajabu, usukani unakuwa mwepesi. Wajinga tunafurahi. Kumbe nyuma imekaa chini, pua imenyanyuka, tairi za mbele zinaigusa barabara kwa adabu tu. Unazungusha kwa raha zako na gari linakwenda linakotaka. Nimeshuka mteremko nimepakia mifuko ya saruji, usukani mwepesi, moyo mzito, mbele yangu bodaboda mwenye abiria na tenga la kuku. Nilipiga honi tangu juu. Kuku walikuwa wa kwanza kunielewa.

Nyumbani nako hakukaliki. Mama mkwe anakaa Mabatini, kule juu kwenye mawe, ambako njia inakata kushoto kwenye jiwe, inakata kulia kwenye jiwe, halafu inaishia kwenye jiwe. Mke wangu anasema nawadharau kwao. Siwadharau! Naacha gari chini, napanda kwa miguu na mfuko wa sukari begani, nafika natweta hata shikamoo haitoki vizuri. Mama mkwe anamwambia binti yake kwamba mumeo anaumwa kifua na anaficha.

Ninachokishukuru mwambao huu ni daraja la J.P. Magufuli. Kabla halijafunguliwa Juni 2025, ukitaka Sengerema au Geita kwa njia ile lazima uvuke na kivuko, Kigongo kwenda Busisi. Wenzangu walikuwa wanalalamikia foleni. Mimi foleni niliipenda, nilikuwa napumzika. Balaa ni kupanga gari mle ndani. Kijana wa kivuko anakusimamisha sentimita chache kutoka kioo cha fuso, halafu anakupungia mkono: "Kata kulia! Kata yote! Kata, mzee, kata!" Juu ya bati, gari limesimama, usukani wa sahani ya chapati. Nina hakika wapo abiria wa Busisi wanaonikumbuka hadi leo kwa jina walilonipa wao. Sasa ni kilomita 3 juu ya maji, njia mbili kwenda na mbili kurudi, hakuna wa kuniambia kata. Watu wanasifia muda waliookoa. Mimi nasifia mabega.

Mafundi je? Wa kwanza alifungua boneti, akashika ile skrubu ya juu ya stelingi boksi, lile boksi la gia linalopeleka mzunguko wa usukani kwenye tairi, akaibana hadi meno yakamtoka. "Nimekutolea mchezo wote, mzee." Kweli, mchezo, yaani ule ulegevu, ulipungua. Na huu ugonjwa wa usukani kugoma kurudi katikati ulianza jioni hiyohiyo. Wa pili akasema dawa ni kuweka pawa stelingi ya mtumba, akanitajia bei ambayo nikiongeza kidogo napata pikipiki. Mzee mmoja wa kijiwe cha kahawa akaniuliza tu, "Upepo umepima lini?" Nikapima, tairi za mbele zilikuwa nusu ya kinachotakiwa. Nikajaza, pakawa na nafuu. Yule ndiye ambaye sikumlipa.

Na kuna mshauri aliyesema tope limeganda kwenye viungo, nikalioshee ziwani. Yeye tutakutana naye hapa chini.

Katikati ya hayo yote mkombozi wangu alikuwa utingo, mtoto wa dada yangu. Anakaa kushoto, mkono wake wa kulia tayari. Tukikaribia kona napiga kelele "shika!", tunavuta wote. Kona ikiisha nasema "rudisha!", tunarudisha wote. Tulikuwa tumeelewana kiasi kwamba kona za Kisesa tulikuwa hatusemeshani. Nikamwekea elfu mbili kwa siku, posho ya usukani. Mpaka dada akanipigia simu: mtoto nimekupa ajifunze kazi, mbona kila jioni anaomba akandwe mgongo?

Hapo nikaenda Nyakato kwa fundi mmoja mtu mzima, haongei sana. Hakufungua boneti. Akaweka jeki, akainua mbele yote, tairi zikabaki hewani. Akaniambia zungusha. Nikazungusha, bado zito. "Basi si lami, na si upepo," akasema, akaingia chini. Akaachanisha vyuma vinavyokwenda kwenye tairi kutoka kwenye stelingi boksi, akaniambia zungusha tena. Safari hii boksi ilizunguka, ikakwama kidogo katikati. "Nani alikubania hapa?" Sikumtaja mtu. Akalegeza ile skrubu kidogo sana, pakatulia. Kisha akashika kiungo kimoja kimoja akikitikisa kwa mkono, mpaka akafika aidla amu, kile kimkono cha upande wa kushoto kinachosaidiana na boksi kubeba vyuma vya usukani. Hakikutikisika. Akakipiga nyundo mara moja, unga mwekundu wa kutu ukamwagika juu ya boksi la karatasi alilolalia. Akauchota, akausugua kati ya vidole viwili, akanionesha.

"Hiki umekinywesha maji. Grisi hakijaonja."

Mshauri wa ziwani, umesikia.

Boljointi ya kulia, kiungo kinachoshikilia tairi la mbele, nayo akaikataa. Alinieleza taratibu, huku anakula muhogo, kwamba ikichomoka ukiwa kwenye mwendo tairi linalala upande na usukani wako hata uwe mwepesi kiasi gani hauzungushi kitu. Nilinunua mpya bila kuomba punguzo, jambo ambalo mke wangu haamini. Tukaweka aidla nyingine, grisi kila mahali. Mwisho akanyanyua macho ukutani, akatungua usukani mmoja mpana, mweusi, una nyufa, wa Hilux ya wajomba zake huko. Ule wa ngozi nyekundu amebaki nao, mjukuu wake anachezea.

Tumetoka Nyakato nimeshika kwa mkono mmoja. Kona ya kwanza nimekata, usukani ukarudi wenyewe, nikacheka peke yangu. Kumtazama kijana, mkono wake wa kulia umeshatoka, umening'inia hewani, hauna pa kushika. Akaurudisha mapajani. Tukaenda kimya hadi karibu na Igoma.

"Mjomba."

"Naam."

"Na ile elfu mbili ya usukani?"

"Ile si ilikuwa ya kuvuta? Sasa kuna cha kuvuta?"

Akafikiria.

"Haya mjomba. Kesho ile mifuko ya saruji ya Kisesa, umwambie fundi aje akushushie."

Tumekubaliana elfu moja. Ya kuangalia kioo cha kushoto.