Ngome Iliyonishinda Bila Mlinzi

Nilipokwenda kumtembelea shemeji yangu anayesoma Wales, nilimwomba anipeleke kupiga picha kwenye ngome, naye akanipeleka Sycharth, karibu na kijiji cha Llansilin, palipokuwa makao ya Owain Glyndŵr, aliyeanza kumwasi mfalme wa Uingereza mwaka 1400. Njiani alinieleza kwamba nyumba yenyewe ilikuwa ya mbao, imejengwa juu ya tuta la udongo lililozungukwa na handaki, na kwamba Mwanamfalme Henry, aliyekuja kuwa Mfalme Henry V, aliiteketeza mwaka 1403. Mimi nilimsikiliza kwa sikio moja, maana nilikuwa nimevaa suti ya rangi ya maziwa na viatu vyenye soli nyororo kama sahani, na mawazo yangu yote yalikuwa kwenye picha.

Mshairi Iolo Goch aliwahi kuisifu nyumba hiyo kwamba ni nadra kuonekana humo komeo wala kufuli. Siku hizi komeo lipo, kwenye lango la malisho, nami nilipambana nalo hadi jasho likanitoka, kabla shemeji hajalisukuma kwa kidole kimoja.

Tuta halikuwa na ukuta wala mnara, ni majani matupu yaliyolowa mvua ya usiku, na kondoo. Nililipanda kwa madaha hadi karibu na kilele, nikageuka, nikashika kiuno, nikatabasamu. Hapo soli zikaniaga. Nilishuka kwa makalio, nikadaka mmea uliokuwa karibu, nao ukawa wa miiba, nikauachia kwa kelele na kuendelea na safari hadi ndani ya handaki, ambako kondoo walikuwa wameacha samadi ya kutosha kumpokea mgeni.

"Shemeji, umeumia?"

"Picha imetoka?"

"Picha haikutoka, ila video ni safi kabisa."

Waliochimba handaki lile na kurundika udongo wake katikati walikusudia adui asipande, na kwa upande wangu kazi yao ilikuwa bado haijachakaa. Nilimwuliza shemeji Henry alipandaje. Akasema huenda Henry hakuvaa viatu vya harusini, na kwamba hata hivyo hakumkuta mtu nyumbani. Mimi nilikuta kondoo wawili, waliokuwa wakitafuna polepole na kunitazama bila kupepesa.

Tulipofika kwenye gari, shemeji alinifungulia mlango, akatandika mfuko wa takataka juu ya kiti, akaulainisha kwa kiganja, kisha akanikaribisha kwa heshima zote.