Kiswahili si krioli, lakini krioli si tusi

Akitokea mtu kudai kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichochanganywa na lugha za Kiafrika, sisi tunaokipenda humrukia na jibu lilelile: hapana, Kiswahili ni Kibantu, si krioli, yaani si lugha mpya iliyozaliwa na watu wa lugha nyingi waliolazimika kuelewana. Jibu ni sahihi. Mwaka 1993 wanaisimu Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walilionyesha kwa kina, wakakiweka Kiswahili katika kundi la Kibantu liitwalo Kisabaki, pamoja na Kipokomo, Kimijikenda na Kikomoro. Kinachonikera ni namna tunavyolitoa. Tunalitamka neno "krioli" kama mtu anayekana ndugu mbele za watu.

Tuangalie kwanza tofauti yenyewe. Mwarabu akiwa na kitabu kimoja husema "kitab", vikiwa vingi "kutub". Waswahili walipolipokea neno hilo waliisikia "ki" ya mwanzo wakaifanya kiambishi cha ngeli, na leo tunasema vitabu vyangu viwili vimepotea. Neno lilitoka ng'ambo, ila lilipofika lilikuta nyumba ina taratibu zake, likazifuata.

Kinubi, ambacho ni krioli, kilipita njia nyingine. Kinazungumzwa Kibera, Nairobi, na Bombo nchini Uganda. Wazee wa Wanubi walikuwa askari wa utawala wa Misri kusini mwa Sudan, watu wa makabila mengi, wengi wao wakiwa wametekwa utumwani kabla ya kuvishwa sare. Uasi wa Mahdi dhidi ya utawala huo ukawakatia njia ya kaskazini miaka ya 1880, Emin Pasha aliyekuwa gavana wao akaondoka mwaka 1889, na mwaka 1891 Lugard, ofisa Mwingereza, akawakuta karibu na Ziwa Albert akawaingiza Uganda. Walikuja na lugha ambayo maneno yake mengi ni ya Kiarabu, lakini kitenzi cha Kiarabu, kile kinachobadilika kwa nafsi na kwa jinsia, hakimo tena. "Ana akulu" ni nilikula. "Ana gi-akulu" ni ninakula. "Ana bi-akulu" ni nitakula. "Uo" ni yeye, awe mwanamume au mwanamke.

Sasa sikiliza Kihaiti, krioli ya kisiwa cha Karibiani, ambacho maneno yake yametoka Ufaransa: "mwen manje" ni nilikula, "m ap manje" ni ninakula. Kitenzi kitupu kinabeba wakati uliopita, na kijineno mbele yake kinaonyesha tendo linaloendelea, sawasawa na Kinubi, ingawa watu hawa hawakuwahi kukutana. Mifanano ya aina hii ndiyo iliyompa mwanaisimu Derek Bickerton nguvu alipotoa nadharia yake mwaka 1981. Alidai, akitumia zaidi mfano wa mashamba ya miwa ya Hawaii, kwamba watoto waliokulia kwenye pijini, lugha ya kuunga-unga ya watu wasioelewana, isiyo na sarufi imara, waliijenga sarufi upya kutoka katika silika ambayo kila binadamu huzaliwa nayo. Kwa hoja hiyo, krioli ni kundi la pekee, dirisha la kuchungulia akili ya mtoto.

Nadharia hiyo inavutia, na mimi iliwahi kunivuta. Lakini mwanaisimu Sarah Roberts alipochambua kumbukumbu za Hawaii alikuta watoto wengi wa wahamiaji bado walizungumza lugha za wazazi wao, na sarufi ile ilichukua vizazi viwili kukomaa. Michel DeGraff, mwanaisimu Mhaiti, anasema kuziona krioli kama lugha za ajabu ni mabaki ya fikra za kikoloni. Ana haki ya kuumia. Karibu kila Mhaiti huzungumza krioli, lakini ilisubiri hadi katiba ya 1987 kuwa lugha rasmi sambamba na Kifaransa. Salikoko Mufwene, mwanaisimu mzaliwa wa Kongo, anauliza swali gumu zaidi: Kifaransa nacho ni Kilatini kilichojifunzwa na watu ambao hakikuwa chao, mbona hakiitwi krioli?

Ushahidi mwingine uko vinywani mwetu. "-Ta-" ya nitakula ilitokana na kutaka, na "-me-" ya nimekula na kitenzi cha kale cha kumaliza. "Gi-" ya Kinubi nayo husemwa ilitokana na neno la Kiarabu la kukaa. Njia ni ileile, na sisi hatukupelekwa kwenye shamba la miwa ili tuipite.

Hata hivyo simfuati Mufwene hadi mwisho. Kilatini kilichukua karne nyingi kuwa Kifaransa. Vituo vya wafanyabiashara wa pembe na watumwa kusini mwa Sudan vilianza kuenea miaka ya 1850, na kabla ya miaka 50 kupita mfumo mzima wa kitenzi ulikuwa umeanguka na mwingine kusimama. Hilo hutokea pale watu wazima wengi wanapong'olewa kwao kwa nguvu na kulazimika kujifunza lugha ya mabwana kutoka kwa mateka wenzao. Kwa hiyo jina "krioli" nalitaka libaki, kama jina la tukio katika historia. Tukilifuta kabisa kwa kuogopa dharau, tutakuwa tumefuta na utumwa ulioizaa lugha. Tukilifanya aina ya akili au daraja la lugha, tutakuwa tumewatukana waliolipata tukio hilo na bado wakajenga lugha kamili.

Tunaposema Kiswahili si krioli, basi, tuseme tu kwamba mnyororo kutoka kwa bibi hadi mjukuu haukukatika hapa pwani. Hatukushinda chochote.

Jambo moja zaidi. Sarufi mbili za Kinubi ninazozijua, ya Bernd Heine ya 1982 kuhusu Kibera na ya Ineke Wellens ya 2005 kuhusu Uganda, zimeandikwa na watu wa Ulaya. Mwanafunzi wa isimu wa Nairobi anayetaka kusikia krioli hahitaji nauli ya Hawaii. Apande matatu ya Kibera, mtaa ambao hata jina lake ni la Kinubi: "kibra", msitu.