Fedha Isiyoguswa: Maoni Yangu Kuhusu Viza ya Ustaafu ya Thailand

Rafiki yangu mmoja, ambaye tulifanya kazi pamoja kwa miaka mingi kabla kila mmoja wetu hajashika njia yake, aliniandikia hivi karibuni kutoka Tanga akiuliza kama ni kweli kwamba Thailand humpokea mstaafu yeyote mradi awe ametimiza miaka 50. Nilimjibu kwamba umri ndilo sharti jepesi kuliko yote, kwa kuwa huo huja wenyewe. Linalostahili kumnyima mtu usingizi ni fedha, na si kiasi chake tu bali mahali inapotakiwa kukaa na muda inaotakiwa kukaa hapo.

Wengi tunaoishi hapa Chiang Mai tuliingia kwa viza ya O ya siku 90, kisha tukaomba kuongezewa mwaka mmoja kwa sababu ya ustaafu, jambo ambalo hurudiwa kila mwaka kwa ada ya baht 1,900. Wapo pia wanaoomba viza ya O-A wakiwa bado kwao, na hao hudaiwa bima ya afya, cheti cha polisi na cheti cha daktari. Sisi tunaotoka Afrika Mashariki tunaongezewa cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho ni vema kukitafuta mapema kuliko kukikumbuka siku mbili kabla ya safari.

Sasa fedha. Anayechagua njia ya akiba anatakiwa kuwa na baht 800,000, yaani zaidi ya dola 20,000, katika benki ya Thailand kwa jina lake mwenyewe. Zinatakiwa ziwe zimelala humo miezi miwili kabla ya maombi na ziendelee kulala miezi mitatu baada ya kukubaliwa, na baada ya hapo, tangu kanuni zilipokazwa mwaka 2019, salio halipaswi kushuka chini ya baht 400,000. Ukipiga hesabu utaona kwamba mstaafu anayetaka kuendelea kuishi hapa hana siku hata moja ambayo anaweza kuigusa ile nusu ya chini, na hiyo nusu ya juu yenyewe ataitumia kwa miezi michache tu kabla ya kulazimika kuijaza tena.

Nia ya kanuni hii naielewa na wala siilaumu. Nchi ina haki ya kuhakikisha kwamba mzee wa kigeni hatakuwa mzigo wa hospitali zake na majirani zake. Ninachokipinga ni namna kanuni inavyojipinga yenyewe: fedha inayowekwa kuthibitisha kwamba ukiugua utajiuguza ni ileile ambayo, ukiitoa kujiuguza, inakuondolea sifa ya kuishi nchini. Mtu akivunjika nyonga mwezi wa pili baada ya kupata nyongeza yake, atachagua kati ya kulipa hospitali na kulinda kibali. Kwa maoni yangu ingetosha kabisa kuruhusu fedha itolewe kwa stakabadhi ya hospitali, kisha mhusika apewe muda wa kuirejesha.

Ipo njia ya kipato, yaani kuonyesha baht 65,000 zinazoingia kila mwezi kutoka nje, ambazo ni karibu dola 2,000. Njia hii naiona kuwa ya haki zaidi, kwa sababu inampima mtu kwa kile anachoishi nacho. Hata Kenya, kwa kibali chake cha daraja K, humtaka mgeni wa kuanzia miaka 35 athibitishe kipato cha uhakika cha dola 24,000 kwa mwaka, kiasi ambacho hakiko mbali na hicho cha Thailand. Lakini tuseme ukweli: ni wastaafu wangapi wa utumishi wa umma kwetu ambao pensheni yao ya mwezi inafika huko? Aliyechukua kiinua mgongo chake atajikuta kwenye njia ya akiba apende asipende. Na yule mwenye kipato cha kutosha naye akumbuke kwamba tangu Januari 1, 2024, mkaazi wa siku 180 au zaidi kwa mwaka anaweza kudaiwa kodi kwa mapato ya nje anayoyaingiza nchini.

Pengo hili kati ya kanuni na uwezo wa watu ndilo linalowalisha mawakala wanaojitolea kuikopesha akaunti yako fedha kwa muda ili karatasi zipendeze. Nimeshawishiwa mara mbili na nimekataa mara mbili, wala si kwa ucha Mungu. Anayejua kwamba karatasi zako ni za uongo amekushika, na kila mwaka bei ni ya kwake.

Mengine ni ya kuzoea: kuripoti anwani kila siku 90, kuhakikisha mwenye nyumba amekuandikisha kwenye idara ya uhamiaji, kutofanya kazi ya aina yoyote, na kukata kibali cha kurejea kabla ya kusafiri, baht 1,000 kwa safari moja au 3,800 kwa safari nyingi. Hili la mwisho usilidharau, kwani ukiondoka bila hicho kibali, mwaka wako wote unafutika pale uwanja wa ndege.

Rafiki yangu nimemshauri azihesabu zile baht 800,000 kana kwamba amekwisha kuzipoteza, na asije mpaka awe na mfuko wa pili wa maradhi. Nimemwomba pia aandike wosia hapahapa Thailand, kwa sababu akifariki benki itafunga akaunti mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na mkewe atabaki katika nchi ya watu akiulizia fedha ambayo hata mumewe, alipokuwa hai, hakuruhusiwa kuigusa. Amenijibu kwamba atazungumza na mkewe kwanza.