Picha Iliyomuua Mama Mkwe

Kabla hamjaanza kunilaani, mjue kwanza kwamba mama mkwe wangu ni mzima wa afya, na asubuhi ya leo amenisema dakika ishirini nzima kuhusu namna ninavyopanga vyombo.

Tunaishi Oslo, huu mwaka wa sita: mimi, mke wangu na watoto wawili. Mimi ni mpiga picha wa mwisho wa wiki. Kodi ya nyumba inalipwa na kazi nyingine. Kila safari kuna saa moja ambayo familia yangu hunichukia kabisa, nayo ni ile ninayosema, "Subirini kidogo, mwanga unakuja." Mke wangu anadai watoto wetu wanajua mgongo wangu kuliko uso wangu.

Desemba mama mkwe akaja kutuona. Nikajiambia, hapa ndipo pa kujenga jina. Nikakata tiketi za watu watano hadi Tromsø, mji ulio zaidi ya kilomita 300 kaskazini mwa Duara ya Aktiki, ambako kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kabisa. Mama alipolisikia hilo akauliza, "Kwa hiyo tunalipa nauli kulifuata giza?"

Nikamwambia tunafuata mwanga wa kaskazini, ule wa kijani unaocheza angani. Nikamweleza na sababu yake: chembe zitokazo kwenye jua zinagonga hewa ya oksijeni huko juu, kilomita mia moja na ushee, nayo inawaka kijani. Akaitikia, "Sawa, mwanangu," kwa sauti ile ile anayoitumia mjukuu wake akimsimulia ndoto.

Saa tano usiku tukawa kando ya maji nje ya mji, nyuzi 14 chini ya sifuri. Baridi ile haina mzaha na vifaa. Betri niliyoitoa hotelini ikiwa imejaa pomoni ilikata roho ndani ya nusu saa, na ya pili nilikuwa nimeibana kwapani kama kifaranga. Gizani kamera haijui ilenge wapi, kwa hiyo nikatafuta nyota moja nene nikazungusha lenzi kwa mkono mpaka ikawa kitone. ISO 1600, yaani kamera iwe nyepesi kunasa mwanga, na shata, kile kipazia cha ndani, ikae wazi sekunde 15. Vidole sikuvisikia tena.

Mara mbingu ikafunguka. Pazia la kijani likateremka juu ya mlima, likajikunja, likajikunjua. Hata mama mkwe alinyamaza, na hilo peke yake lilistahili nauli.

Nikawapanga haraka. "Mtasikia kacha ya kwanza, msiondoke! Ni sekunde 15. Mpaka msikie kacha ya pili." Wakaitikia wote. Kosa langu ni kusahau kwamba mama mkwe ni mtu wa enzi za kacha moja.

Kacha. Nikawamulika kwa tochi kidogo, kama inavyotakiwa, ili nyuso zishike. Watoto walikuwa wameshatimka kabla mwanga haujawafikia. Mama mkwe alisubiri tochi ipite, akahesabu labda mpaka tano, akasema, "Ahsante, imetoka nzuri," akajiendea zake garini. Akabaki mke wangu peke yake, ambaye baridi humtiririsha mafua, ametulia tuli huku ameinamisha kichwa na kitambaa puani.

Kacha.

Kiufundi, nasema bila haya, ile ilikuwa picha bora niliyowahi kupiga. Nyota zimekaa kama ncha za sindano, mlima umejichora barabara. Na katikati, uso wa mama mkwe umeng'aa kwa mwanga wa tochi, mpole, umetulia. Chini ya shingo mwili unapenya, theluji na maji vinaonekana kupitia koti lake. Pembeni mwanawe anafuta machozi. Watoto hawapo.

Mimi nilichokiona ni mbingu tu. Nikaipiga picha skrini ya kamera kwa simu, nikairusha kwenye kundi la ukoo wa mke wangu na maneno haya: "Mama ameingia kwenye mwanga. Simu inazima, tutaongea kesho." Na simu, iliyokuwa na asilimia 38, ikazima pale pale. Baridi haitazami asilimia.

Asubuhi nikaichomeka kwenye chaji. Ilipowaka ilitetemeka mpaka ikaanguka kutoka mezani.

"Mungu amlaze mahali pema." "Jamani, si jana tu tumeongea naye!" Binamu mmoja alikuwa ameikuza picha akaandika, "Mnaona? Maji yanapita kifuani. Ndiyo anaondoka." Mwingine: "Mbona watoto hawaonekani? Nao?" Shemeji yangu mkubwa, mtu wa vitendo, alikuwa ameshaanza kuulizia utaratibu wa kusafirisha mwili. Na shangazi mmoja peke yake, Mungu ambariki, ndiye aliyehoji kama ni adabu kupiga picha wakati kama huo.

Nikaenda kugonga mlango wa marehemu nikiwa nimeshika simu kwa mikono miwili, kama mtoto aliyevunja sahani ya wageni. Mke wangu alifika kabla sijamaliza kueleza, akasoma mistari miwili, akakaa kitandani akishindwa kuamua alie au acheke.

Mama akavaa miwani. Akasoma tangu juu, polepole, kidole kikipandisha skrini. "Kumbe huyu ananipenda hivi?" Akaendelea. "Huyu mnafiki." Akarudi nyuma kidogo. "Hebu nisome tena hapa, wamesema nilikuwa mcheshi."

"Mama, watu wanalia!" mke wangu akasema.

"Naona."

Nikaomba simu ili niandike kwamba yu hai, niombe radhi, nieleze habari ya sekunde 15. Tayari nilikuwa nimeanza kuchapa aliponishika mkono.

"Ngoja kwanza, mwanangu," akasema. "Mdogo wangu bado hajaandika kitu."