Dhahabu ya Kakamega ililetwa na maji gani?

Ukitoka Kisumu kwenda Kakamega, kabla hujaingia mjini utaliona Jiwe Linalolia la Ilesi: nguzo ya itale (graniti) iliyobeba jiwe jingine kichwani, maji yakiiteremka kama machozi. Mzee mmoja aliyechimba dhahabu Ikolomani tangu ujanani alinionyesha jiwe hilo kwa kidole, akaniambia, "Mwanangu, dhahabu ni mtoto wa haya mawe. Palipo na itale, chimba." Nikamuuliza, basi Kit Mikayi kule Seme, rundo lote lile la mawe ya itale, mbona watu huenda kuomba na kupiga picha tu, hakuna anayekwenda na sururu? Akacheka, akamalizia chai yake, hakunijibu.

Nisimcheke sana, kwa sababu wanajiolojia nao hawajamalizana juu ya swali hilohilo. Dhahabu ya huku kwetu, kuanzia Kakamega hadi Migori, imo ndani ya miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Katika mwamba wa kawaida, dhahabu ni gramu chache tu katika tani elfu moja. Ili mtu apate ya kuchimba, lazima kuwe na kitu kilichopita katika mwamba mwingi, kikaikusanya, kikaibeba, kisha kikaimwaga mahali padogo. Kitu hicho ni maji ya moto, na hapo hakuna mbishi. Ubishi ni juu ya chimbuko lake.

Upande mmoja, ambao ndio wenye wafuasi wengi, unasema maji yalikamuliwa kutoka kwenye miamba yenyewe. Mwamba ukizikwa kilomita nyingi chini na kupashwa joto, madini yake yaliyoshika maji huvunjika, na maji huachiliwa pamoja na hewa ya kaboni na salfa. Miamba ikawa geu, yaani ikabadilika kwa joto na shinikizo, maji yakatafuta nyufa za kupandia. Ushahidi wao mkubwa umefungwa ndani ya kwatzi, lile jiwe jeupe gumu ambalo dhahabu hupenda kukaa ndani yake. Kata kipande chembamba ukiweke chini ya darubini, utaona matone madogo kuliko unene wa unywele, maji yaleyale ya kale yakiwa yamenaswa. Yapashe joto mpaka kiputo kilichomo kipotee, utajua yalinaswa yakiwa na joto la angalau kiasi gani. Yagandishe, kisha tazama barafu inayeyuka kwa nyuzi ngapi, utajua yana chumvi kiasi gani. Katika machimbo ya aina hii duniani kote, majibu hufanana: joto la nyuzi 250 hadi 400 hivi, hewa ya kaboni tele, na chumvi kidogo, mara nyingi isiyopishana sana na ya bahari. Maji yanayotoka kwenye uji wa mawe, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa joto, ulio karibu na uso wa dunia huweza kuwa na chumvi mara kumi ya hapo.

Upande wa pili, ule wa mzee wangu, unasema maji yalitoka kwenye uji wa mawe, ule ambao ukipoa huwa itale, nao una hoja zake. Uji wa mawe ukianza kupoa ukiwa chini sana, wao husema, unaweza nao kutoa maji yenye hewa ya kaboni na chumvi kidogo, kwa hiyo kipimo cha chumvi hakimalizi kesi. Tena baadhi ya machimbo yana madini ya bismathi, teluri na tangsteni, ambayo hupenda kufuatana na itale. Na yapo yaliyokaa ndani ya miamba iliyokwisha kupikwa ikakauka kabla dhahabu haijafika: mwamba mkavu utakamua maji gani?

Aina za oksijeni na salfa zilizomo kwenye madini, zile zinazopishana kwa uzito, ambazo ndizo zingetarajiwa kuamua, hazijaamua, maana viwango vya pande zote mbili hupandana. Na maji yaliyosafiri kilomita kadhaa ndani ya mwamba huchukua tabia ya mwamba huo, kama mgeni aliyekaa Kisumu miaka ishirini ukamsikia anaongea Kijaluo kuliko lugha ya kwao.

Mimi naegemea upande wa kwanza, ingawa si kwa kuapa. Ila naona swali linalotufaa zaidi ni jingine: maji hayo yalitua mzigo wapi, na kwa nini hapo?

Maji ya aina hii hubeba dhahabu kwa mkono wa salfa. Chembe moja ya dhahabu hushikwa na chembe mbili za salfa zilizoungana na haidrojeni, na maadamu ushirika huo upo, dhahabu itasafiri. Maji yakipita kwenye mwamba wenye chuma kingi, chuma huinyang'anya dhahabu ile salfa yake ili kitengeneze pairaiti, yale madini ya manjano yanayowahadaa wageni. Dhahabu ikikosa wa kuishika, hubaki papo hapo. Njia nyingine ni mwamba kupasuka ghafla: shinikizo hushuka, hewa hutoroka na salfa huondoka nayo.

Hili la pili unaweza kuliona kwa namna yake Olkaria, kaunti ya Nakuru, ambako umeme wa mvuke umezalishwa tangu 1981. Maji yakipanda kisimani shinikizo hupungua, yanachemka, na silika iliyokuwa imeyeyuka hugandia kwenye mabomba kama ukoko wa sufuria. Harufu ya mayai viza unayoisikia ukishusha kioo cha gari ni salfa hiyohiyo ikitoroka. Lakini tusichanganye mambo: maji ya Olkaria kwa sehemu kubwa ni mvua iliyozama ikapashwa moto chini ya Bonde la Ufa, ilhali ya Kakamega yalifanya kazi yake kilomita nyingi chini ya ardhi.

Chumvi nayo ina shehena yake. Machimbo ya zamani ya Macalder, Migori, yalitoa shaba pamoja na dhahabu, na zinki imo pia. Mwamba ule ulitengenezwa kwenye sakafu ya bahari ya kale na maji ya moto yenye chumvi, na shaba na zinki husafiri vizuri kwa chumvi. Rosterman, karibu na mji wa Kakamega, iliyochimbwa baada ya watu kuikimbilia dhahabu ya huko miaka ya 1930 na kufungwa 1952, ilikuwa ya dhahabu ndani ya kwatzi. Anayetafuta shaba nyingi Kakamega kwa kuwa Macalder ilikuwepo anafuata maji yasiyo yake.

Ndiyo maana nasema itale peke yake si alama. Nikiwa na sururu na siku moja tu, ningetafuta mahali mwamba wenye chuma ulipokatwa na ufa mkubwa, itale liwe karibu au lisiwe. Mzee mwenyewe hufanya hivyo bila kusema. Kipande alichonionyesha siku ile kilikuwa cha kwatzi, kikubwa kama kiganja, chenye vishimo vya mraba vilivyojaa kutu, mahali pairaiti ilipokuwa kabla ya kuozwa na mvua. Hakukitazama kile cheupe. Alichokuna kwa ukucha ni ile kutu.

Watetezi wa maji ya miambani wana jambo moja zaidi la kusema, nalo halihusu utajiri. Maji yale mara nyingi hubeba aseniki, ambayo ni sumu, pamoja na dhahabu, na huitua pamoja nayo. Zebaki, ile sumu nyingine ya kunasia dhahabu, mchimbaji huinunua, akitaka ataiacha. Aseniki imo ndani ya jiwe lenyewe, na jiwe likisagwa hubaki kwenye mchanga uliorundikwa nyuma ya mashine, pale ambapo akina mama wanaoosha huchota tena kwa karai, na mvua ikinyesha huuteremsha kuelekea mto Yala.