Windows usiifute, isogeze tu kidogo

Wiki iliyopita kuna dogo mmoja anasoma chuo hapa Mbeya kaja kwangu Uyole na laptopu mgongoni, shikamoo kaka, hata kukaa hajakaa akaanza kunieleza. Alimpelekea fundi mmoja mjini, akamwomba amwekee Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama Windows, kwa sababu kuna somo wanaitumia, jioni akaenda kuchukua mashine yake, Linux kweli ipo na inawaka vizuri, ila Windows hamna, ripoti yake ya fildi hamna, picha za msiba wa bibi yake Tukuyu hamna. Fundi akamjibu si ulisema unataka Linux. Tulikaa mpaka saa sita usiku tunajaribu kuokoa mafaili, tukapata picha chache na ile ripoti haikurudi.

Hilo jambo limeniuma sana, kwa sababu halikuwa na ulazima wowote. Kompyuta moja inaweza kubeba Windows na Linux pamoja, unaiwasha inakuletea menyu, unachagua unaingia wapi. Mafundi wetu wengi wanajua kupiga Windows upya kwa dakika arobaini, na kwao kufuta diski nzima ndio njia ya mkato, lakini diski ya mtu siyo ubao wa darasani.

Na saivi hili suala ni la watu wengi kuliko zamani. Windows 10 iliacha kupewa apdeti za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, mtumiaji wa kawaida aliyejiandikisha aliongezewa mwaka mmoja tu wa apdeti za usalama, mpaka Oktoba 2026. Windows 11 nayo inataka TPM 2.0, yani chipu ya usalama, na kwa upande wa Intel inaanzia prosesa za kizazi cha nane. Sasa angalia laptopu za mtumba tunazonunua huku Mwanjelwa, Iringa mjini au Makambako, ngapi zimefika kizazi cha nane? Nyingi ni cha nne, cha tano, cha sita, bado zina nguvu kabisa za kufanya kazi. Ushauri wangu kwa wenye mashine hizo ni kuweka Linux pembeni, mambo ya intaneti na benki ufanyie huko, na Windows ibaki kwa zile programu ambazo hazina namna nyingine.

Dada yangu ana duka Kabwe, programu yake ya stoo na mauzo inakubali Windows tu. Ukimwambia ahamie Linux moja kwa moja unamfungia duka. Wapo watakaosema atumie mashine pepe, yani Windows iwake ndani ya Linux, ila kwa RAM ya GB 4 hiyo ni kuinyonga kompyuta.

Kazi yenyewe sasa. Kwanza bekapu, yani nakala ya mafaili yako, kwenye diski ya nje au flashi, na hapa sikubaliani na mtu yeyote anayesema siyo lazima. Unapopunguza patisheni, yani kile kipande cha diski kinachokaliwa na Windows, kuna data inahamishwa, umeme ukikatika katikati unaweza kukuta diski haisomeki, na sisi huku msimu wa mvua radi zikianza kupiga umeme unaondoka bila kuaga. Kama betri ya laptopu imekufa tafuta UPS hata ya kuazima, au subiri siku nyingine.

Pili, nafasi ya Linux itengeneze ukiwa ndani ya Windows yenyewe, kwa diskmgmt.msc, programu yake ya kugawa diski, hata GB 50 zinatosha kuanzia. Kama diski imefungwa na BitLocker, lile kufuli la Windows, hakikisha ule ufunguo wa tarakimu 48 umeuandika mahali, maana ukishagusa mambo ya kuwasha mashine inaweza kukudai. Halafu zima ile setingi ya kuwaka haraka (Fast Startup). Windows ikizimwa na setingi hiyo inakuwa haijazimika, imesinzia tu, na Linux ikikuta patisheni iko hivo inaweza kukataa kuandika kitu humo, mtu anadhani diski imeharibika.

Kuna kitu kimoja kinawasumbua wengi na mafundi hawakisemi. Andika msinfo32 kwenye sehemu ya kutafuta ya Windows uangalie inawaka kwa UEFI (njia mpya ya mashine kuwaka) au kwa Legacy (ya zamani), na Linux uiweke kwa njia hiyo hiyo. Ukichanganya, menyu haiwezi kuziwasha zote mbili. Mashine nyingi za zamani ziko Legacy na diski yake imegawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR, ambao unaruhusu patisheni kuu nne tu, kwa hiyo kama zote nne zimeshatumika ndio utaona Linux inakosa pa kukaa hata kama nafasi ipo.

Kwa mashine dhaifu mi napendelea Linux Mint, faili lake ni karibu GB 3, Ubuntu 24.04 ni karibu GB 6, na kwa bei za bando tofauti hiyo ni hela. Alishushe mtu mmoja, wengine mpeane kwa flashi. Wakati wa kuweka, chagua ile njia ya kukaa pamoja na Windows, ile ya kufuta diski ndiyo iliyomliza yule dogo. Ukimaliza na menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo ukiwasha, haikuonyeshi Windows usipanike, mara nyingi iko salama, ingia Linux ufungue faili la /etc/default/grub uongeze mstari wa GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false halafu kwenye terminal piga sudo update-grub.

Mwisho kabisa ni saa. Linux inaiweka saa ya mainibodi kwa UTC, saa ya kimataifa, Windows inaisoma kama saa za hapa, na sisi tuko masaa matatu mbele. Dada alifungua duka saa mbili asubuhi, Windows ikamwambia ni saa kumi na moja alfajiri, na mauzo yote ya siku ile yakaandikwa muda wa uongo, akanipigia simu ana wasiwasi kuna mtu kaingia kwenye mahesabu yake. Nilienda jioni nikawasha Linux nikapiga timedatectl set-local-rtc 1, na kesho yake risiti ya kwanza ikatoka na saa mbili na dakika kumi.